Begi la Mke wa Fundi

Redio, mama wa mtaani aliyepewa jina hilo kwa kutangaza mambo ya watu, anasema alimwona kwa macho yake mwenyewe, hakusimuliwa. Anasema alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya viatu vya mitumba, mkabala na lile duka kubwa la mabegi, na mlango wa duka ulikuwa wazi kabisa. Mke wa fundi mabegi akaingia akiangalia nyuma, kama mtu anayekwepa mdai. Akamgeuzia mgongo muuzaji, kijana mtanashati wa ndevu za kuchonga, na kijana akamvisha begi, akamvuta mikanda ya mabegani, kisha akamzungukia mbele akamfunga mkanda wa kifuani. "Wa kifuani, jamani!" Wakacheka. Mwanamke akaenda mbele ya kioo, akarudi, akaenda tena, utadhani bibi harusi anajaribu gauni. Halafu, na hapa Redio hushusha sauti ili watu wasogee, mwanamke akavua viatu humo humo dukani.

"Akavitia ndani ya begi, akabaki peku!" anasema Redio. "Sasa niambieni nyie, mtu anayejaribu begi anavua viatu vya nini?"

Kwa kweli Redio hakuongopa sana siku hiyo. Alitia chumvi mahali pake pa kawaida, ila mengi aliyoyasema yalitokea. Tatizo ni mahali alipokwenda kuyasemea. Alifunga meza yake mapema, akavuka barabara, akapita nyumba kadhaa bila kusimama, akaenda kuegemea nguzo ya kibaraza cha fundi mwenyewe.

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Juu ya kichwa chake mabegi ya shule yalining'inia kwenye kamba, ya buluu na ya kijani, mgongo kwa mgongo. Kwenye benchi alikaa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja asiyependa kupoteza muda, ameshika begi moja mapajani na kulikagua mishono. Shule yake ilikuwa imepata tableti kwa ajili ya walimu wote, na walimu walikuwa wanazibeba kwenye mifuko ya sokoni. Alitaka mabegi ya maana, ya walimu wote kwa mkupuo. Fundi alijua oda kama hiyo ingemlipia kodi ya nyumba muda mrefu bila kumpigia mwenye nyumba magoti.

"Shemeji," Redio akasema, "siku hizi mnanunua dukani?"

"Nani ananunua?"

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu."

"Umeuliza umeona nini?"

Basi Redio akapata nafasi yake. Akaeleza yote, kioo, mkanda wa kifuani, viatu. Kina mama wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakazitua chini ili wasikie vizuri. Aliposema begi lilikuwa la kijivu, lenye zipu upande wa mgongoni, mwalimu mkuu akaliweka lile la mapajani mwake kwenye benchi, pembeni.

"Fundi," akasema, "mkeo si ndiye yule anayesafiri na kompyuta?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Na yeye habebi begi lako?"

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya pedali. Angeweza kujibu kwamba hajui, na huo ndio ungekuwa ukweli, maana hakujua lolote. Lakini kina mama walikuwa wanamtazama, na Redio alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Lile la kijivu nimelishona mimi," akasema.

Redio akatoa macho. "Wewe?"

"Mimi. Nilimtuma akalilinganishe na ya kwao, nijue niweke bei gani."

"Shemeji, mimi nimemwona muuzaji analishusha msumarini."

"Alimtundikia kwanza. Ulitaka mke wangu alishike kwa meno?"

Kina mama wa ndoo wakaangua kicheko. Redio naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuwa ameshasimama, anajipangusa uzi kwenye sketi.

"Vizuri sana," akasema. "Kama unaweza kushona la namna ile, basi hilo ndilo ninalolitaka. Kesho mchana nitapita niliangalie. Na nataka nimsikie mkeo, maana yeye ndiye anayelibeba. Fundi kila mmoja husifu chake."

"Karibu, Mwalimu. Utamkuta."

Walipoondoka, Fundi alibaki akitazama sindano ya cherehani. Alikuwa amemwahidi mteja begi ambalo hajawahi kuliona.


Mambo ya dukani yalikuwa madogo kuliko simulizi yake. Mke wa Fundi, au Mama Pacha, ndivyo mtaa ulivyomwita tangu alipojifungua mabinti wawili kwa mpigo, alikuwa ameajiriwa na kampuni inayouza programu za kompyuta kwenye maduka ya dawa. Kazi yake ilikuwa kwenda mji hadi mji kuwawekea programu hiyo, kuwafundisha wauzaji namna ya kuitumia, kisha kuandika ripoti popote atakapopata pa kukalia: benchi la stendi, ngazi za nyumba ya wageni, ukingo wa kitanda. Hakuwa na meza wala kiti ofisini. Ofisi yake aliivaa mgongoni.

Alifika dukani na mfuko wa plastiki uliojaa vitu vyake vyote vya safari. Kompyuta, chaja na waya wake mrefu, daftari, nguo za kubadilisha, taulo, chupa ya maji. Akamwomba muuzaji amruhusu apakie kabla ya kununua.

"Dada, hapa watu hununua begi likiwa tupu," kijana akasema.

"Mimi silibebi likiwa tupu."

Kijana akacheka, akaona huyu leo hatoki bila kununua. Akaanza na la ngozi. "Hili la mabosi. Ukiingia nalo tu, watu wanasimama." Mama Pacha akalinyanyua kwa kidole, likiwa halina kitu ndani, akalirudisha. Lilikuwa zito kuliko mzigo wake wote. La pili lilikuwa na vijifuko ndani ya vijifuko, kila kimoja na zipu yake. "Nikianza kutafuta chaja humu," akasema, "gari litanipitiliza." La tatu lilikuwa na rangi ya kung'aa, akalikataa hata kabla halijashushwa, hakutaka begi linalomwambia mwizi njoo.

La kijivu lilikuwa la kimyakimya. Lilifunguka lote mpaka chini kama sanduku, kwa hiyo nguo hazikuhitaji kuvurugwa ndipo soksi ipatikane. Zipu kubwa ilikuwa upande wa mgongoni, mwili wa mtu ukiikalia, asiweze mtu wa nyuma kwenye foleni kuichezea. Alipopakia kila kitu akakumbuka viatu. Hivyo alivyovaa ndivyo alivyosafiria, na akifika kwa wateja huvaa vingine, kwa hiyo lazima jozi moja iwe ndani. Akavivua, akavitia chini kabisa. Vikaenea.

Kisha akafanya jambo ambalo Redio hakuliona, au aliliona akaliacha kwa kuwa halina utamu. Alilishusha begi polepole mpaka likakaa juu ya sakafu ya vigae, akainamisha kichwa, akasikiliza. Hakikusikika kitu. Akalinyanyua akalishusha tena, safari hii kwa nguvu kidogo. Kimya. Akaingiza macho ndani na kuona kwamba mfuko wa kompyuta ulikuwa umeshonewa juu, ukaachwa uning'inie. Haukufika chini.

"Mbona huu haufiki mwisho?" akauliza.

Kijana akachungulia. "Labda kitambaa kiliwaishia, dada. Lakini begi ni zuri, nakuapia."

Hapo ndipo Mama Pacha alipocheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, na machozi yalikuwa karibu kuliko kijana alivyodhani.

Kwa sababu miezi michache nyuma, katika duka la dawa la mji wa mbali, alilishusha hivyo hivyo begi aliloshonewa na mumewe. Alilishusha taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, na akasikia mlio mdogo, ko. Alipofungua kompyuta mbele ya wateja, kioo kilikuwa kimepata ufa kuanzia pembeni hadi katikati. Ofisi ilimkata mshahara. Nyumbani akasema mishahara imechelewa, na kwamba kompyuta ofisi imeibadilisha tu. Kompyuta mpya ilipokuja, bosi alimwita akamwambia bila kumkaribisha kiti: "Hii ikipasuka, utabaki hapa kupokea simu, na posho ya safari sahau. Na lile begi la kienyeji liache nyumbani kwako."

Posho hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha. Lakini angemwambiaje Fundi? Begi lile alilishona wiki ile mkewe alipopata kazi, kwa turubai bora aliyokuwa ameificha chini ya kitanda akiingoja kazi ya maana. Alilipitisha mtaani kabla hajampa. Alimpeleka mwenyewe stendi, akamvisha mgongoni, akawaambia hata makondakta: "Mnaona begi hilo? Mkono wangu huo." Mtu kama huyo unaanzia wapi kumwambia?

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jumatatu angetoka nyumbani na begi la mume, angefika ofisini akahamisha vitu, akaenda zake safari ya wiki mbili. Akirudi, anahamisha tena. Hakuna ambaye angeumia.


Kwenye kona ya mtaa Redio alikuwa anamsubiri, ingawa alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Shoga! Hongera!"

"Hongera ya nini?"

"Kumbe mumeo fundi haswa! Mbele ya mwalimu mkuu katamka: lile la kijivu kashona yeye. Mimi na mdomo wangu nikabaki nimeumbuka." Macho yake yalishuka hadi kwenye mfuko wa plastiki, ambao sasa ulikuwa na umbo la begi. "Kesho mwalimu anakuja kuliona. Na mimi nitakuwepo, nijifunze. Eti, ni kweli kashona yeye?"

Mama Pacha akauhamishia mfuko mkono wa pili. "Kama kasema mwenyewe..."

"Eh, yeye kasema. Nakuuliza wewe."

"Naharakisha, shoga yangu. Watoto hawajala."

"Nenda, nenda," Redio akasema. "Nitakusikia kesho."

Nyumbani kibaraza kilikuwa kimefungwa na cherehani imeingizwa ndani, wakati jua lilikuwa bado juu. Ndani, mama mkwe alikuwa mkekani akichambua maharage. Mapacha walikuwa wametumwa kwa shangazi yao bila sababu yoyote, na wenyewe walishajua kwamba sababu ipo. Fundi alikuwa amesimama.

"Funga mlango," akasema. "Lilete."

Hakumwangalia usoni. Mama Pacha alilitoa begi, naye akalipokea kwa mikono miwili, akaenda nalo dirishani. Akalifungua lote. Kwanza alitaka kulidharau. Ilionekana kwa jinsi alivyokunja midomo. Akavuta mshono wa begani, haukuteleza. Akalipindua ndani nje, akapitisha ukucha kwenye bitana, akatafuta uzi uliolegea. Hakuupata. Midomo ikakunjuka.

"Bei gani?"

"Usiulize, Baba Pacha."

"Nauliza."

Akamtajia. Mama mkwe akaacha kuchambua maharage.

"Hiyo si bei ya begi, hiyo ni bei ya mbuzi na kamba yake," akasema. "Mimi maisha yangu yote nimebeba kichwani, na hakuna siku kichwa kiliniomba zipu."

"Mama, tafadhali," Fundi akasema.

"Nimenyamaza."

Fundi akageuka. "Langu lina kasoro gani?"

"Sijasema lina kasoro."

"Mtu haachi begi zima akanunua jingine. Limekupasukia? Mkanda umekatika? Niambie, nimeshona mabegi ya watoto wa mtaa huu mpaka wenyewe wameleta watoto wao. Hakuna lililorudi."

"Halijapasuka."

"Sasa?"

Mama Pacha aliketi kwenye ukingo wa kiti. "Ile kompyuta ya kwanza haikubadilishwa na ofisi. Ilivunjika kioo."

"Uliangusha begi."

"Sikuangusha. Nililiweka chini."

"Kuliweka tu hakuvunji kitu."

"Baba Pacha, daftari halipasuki," akasema. "Wewe umezoea kushonea madaftari. Mfuko umeupeleka mpaka chini kabisa. Nikiliweka begi, kompyuta ndiyo inayotangulia kugusa sakafu."

Fundi akaliweka la kijivu juu ya cherehani. Akaenda ukutani lilipotundikwa begi la turubai, begi la mkono wake, akalishusha. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, vidole vimenyooka, mpaka ncha zikafika mwisho. Akaliachia likashuka sakafuni, mkono ukiwa humo ndani. Vidole vikajipiga kwenye saruji. Akalinyanyua, akaliachia tena kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu!" mama yake akapiga kelele. "Unajiumiza!"

Fundi hakukoma. Akachukua la kijivu, akafanya vilevile. Begi likagusa sakafu, na mkono wake ukabaki unaelea, haujaguswa na kitu. Akautoa. Akavitazama vidole vyake, viwili vimeanza kuwa vyekundu kwenye viungo.

Mama mkwe akarudi kwenye maharage yake, akayadondosha kwenye sinia moja moja.

"Ule mshahara uliochelewa," Fundi akasema.

"Haukuchelewa."

"Ulikatwa."

"Ulikatwa."

"Na mimi nikaenda kwa mwenye nyumba, nikamwambia kampuni ya mke wangu ni ya wababaishaji, hawalipi watu. Nikawatukana mbele ya wapangaji wenzangu." Akaketi kwenye kigoda cha cherehani. "Kumbe mbabaishaji ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Ungeniambia, ningelifumua siku ile ile. Mfuko ni wa kufumua na kushona upya, hata chai isingepoa."

"Ningekuambiaje? Ulilipitisha nyumba kwa nyumba!"

"Kwa hiyo ukaona bora mtaa mzima ujue kabla yangu."

"Mtaa haukujua kitu mpaka wewe ulipofungua mdomo!" Sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia. "Nani kakwambia useme umelishona wewe? Uliniuliza? Nimekutana na Redio kwenye kona, ananipongeza. Nimesimama pale kama mwizi, nimeshika begi langu nililolinunua kwa pesa yangu."

"Ningesema nini? Mwalimu yuko mbele yangu, Redio ananichekea. Ningesema mke wangu kanikimbia, kanikimbilia dukani?"

"Ungesema hujui."

"Sijui!" Fundi akacheka bila furaha. "Mwanamume amekaa kibarazani kwake, anaambiwa mkewe kavishwa mkanda kifuani na mwanamume mwingine, naye aseme hajui."

"Ni mkanda wa begi, Baba Pacha."

"Sasa najua."

Mama mkwe alinyanyuka na sinia lake, akaelekea jikoni. Mlangoni akasimama. "Yule mwalimu kesho anakuja, na hayo maneno yenu hayashoni begi," akasema, akaenda zake.


Jumapili Fundi aliamka akatandika karatasi za mifuko ya saruji sakafuni, akaliweka begi la kijivu juu yake na kuzungusha chaki. Akachora mgongo, ubavu, chini, kifuniko. Mkewe alipita juu ya michoro hiyo akienda kuchota maji na akirudi. Alipofika kwenye mikanda ya begani alikaa kitako. Ndani ya mikanda mlikuwa na sponji nene, na ndani ya mgongo wa begi mlikuwa na kibao cha plastiki kilichopinda kama uti wa mtu. Akachukua vipande viwili vya sponji ya godoro, akavibana kwa turubai, akavipitisha kwenye cherehani ajaribu. Sindano ikavunjika. Akabadilisha nyingine, ikavunjika.

"Hiyo mashine haiwezi," Mama Pacha akasema hatimaye.

"Naiona."

"Sasa akikupa oda?"

"Mfuko nitauning'iniza. Hilo la mfuko ndilo nilikuwa silijui, sasa nalijua. Mikanda nitaitafutia njia. Nitakodi mashine ya watu wa viatu."

"Utashona ukiangalia nini? Mimi kesho alfajiri naondoka nalo."

"Nina michoro."

"Michoro haina sponji."

Akamtazama. "Unataka nisiipate hiyo oda?"

"Naitaka kuliko wewe. Mimi ndiye nitakayekuwa njiani, nikiwaza kama wanangu wamefukuzwa kwenye nyumba." Alikuwa amelichukua begi, analifuta chaki kwa kitambaa kibichi, doa kwa doa. "Lakini kesho kutwa tableti ya mwalimu ikivunjika, atarudi kwa nani? Atarudi kwangu mimi niliyesema."

"Haitavunjika."

"Hata yangu ulisema hivyo."

Neno hilo lilimwingia. Fundi akakusanya karatasi zake, akazikunja vizuri kwa mistari, akaziweka chini ya cherehani. Alikuwa amevaa shati la kutokea. Mkewe aliona, na akaona pia kwamba ameosha benchi la kibarazani na kuyapanga mabegi ya kamba kwa ukubwa, madogo mbele. Alihisi huruma, na huruma hiyo ikamtia hasira zaidi. Kama angekuwa mkorofi, au angekuwa mlevi, ingekuwa rahisi kumkatalia.

Sauti ya nje ikawakuta hivyo.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu, na nyuma yake ikasikika nyingine, nyembamba na changamfu: "Na mimi nipo, jamani, msinifungie mlango!"

"Karibuni, karibuni," mama mkwe akajibu kutoka kibarazani. "Kaa hapa, Mwalimu, hapa hapana vumbi. Wewe Redio kaa popote, wewe ni mwenyeji. Fundi anakuja. Habari za shule? Hawa watoto wa siku hizi wanasoma kweli, au wanawasumbua tu?" Bibi yule hakuwa mtu wa maneno mengi na wageni, na Mama Pacha alielewa kwamba anawanunulia muda.

Fundi alikuwa amefungua mtoto wa meza ya cherehani. Akatoa kitu kidogo, akakishika kiganjani. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha njano, kimepigwa muhuri wa jina la kazi yake na namba ya simu. Kila begi alilolimaliza alilishonea kimoja ndani, chini kidogo ya mdomo, na hakukitia mpaka aliporidhika nalo.

"Hapa," akasema kwa sauti ya chini, akionyesha bitana ya begi la kijivu. "Padogo tu. Mishono minne."

"Halafu?"

"Halafu utoke nalo mgongoni. Mwalimu atafungua, ataiona lebo."

"Na akiniuliza?"

"Useme ndiyo. Neno moja."

"Redio alimwona kijana akilishusha msumarini."

"Redio hana lebo."

Mama Pacha alikaa kitandani, begi mapajani. "Tangu kompyuta ile ivunjike, kila ukiniuliza kitu natafuta kwanza cha kukujibu," akasema. "Jana nilipomaliza kukueleza, ingawa ulikuwa umenikasirikia, nililala. Nililala kabisa. Unataka nianze tena, na safari hii mbele za watu?"

"Ni mara moja."

"Walimu wangapi watabeba hayo mabegi? Nitakutana nao kila siku hapa njiani."

Kibarazani Redio alikuwa anacheka. Mwalimu mkuu akauliza kama Fundi yupo kweli, maana ana kikao. Mama mkwe akasema yupo, yupo, anamsaidia mkewe kidogo, unajua hawa wanaosafiri.

Fundi akapiga goti moja, si kwa ajili ya kumpigia magoti mkewe, ila kwa sababu kitanda kilikuwa chini na hivyo ndivyo begi hushonwa likiwa mapajani mwa mtu. Vidole vyake viwili vilikuwa vimevimba, akalazimika kutunga uzi kwa mkono wa kushoto. Ulikosa tundu mara kadhaa. Hakumwomba msaada, naye hakujitolea. Mwishowe ukapita.

"Nikiwapoteza hawa," akasema, "ukirudi utanikuta nimekaa pale nje na mabegi yangu kwenye kamba, na kila mama atakayepita na mtoto ataniuliza mke wangu kanunua wapi lake. Nitajibu nini? Niambie wewe, nitajibu hivyo hivyo."

Mama Pacha akafuta kwa kidole doa la chaki lililosalia kwenye mkanda.

"Fundi!" mwalimu mkuu akaita. "Niingie, au mnatoka?"

"Tunatoka, Mwalimu!"

Akalisogeza begi kidogo ili lipate mwanga wa dirisha, akaishikilia lebo mahali pake kwa kidole gumba. Sindano ilikuwa imeshagusa kitambaa. Hakuichoma.

"Mama Pacha," akasema. "Nakuomba."

Yeye alikuwa ameshika mikanda yote miwili ya begi, amebana, akitazama pazia la mlangoni lililokuwa limeanza kusogezwa na mkono wa mtu.